Si Kirusi, ni Vumbi: Kwa Nini Kompyuta ya Mezani Hunguruma

Ilikuwa mwezi wa nane, kwenye steshenari moja ya mtaa wa Kanyenye, Tabora mjini. Nilikuwa na barua ya kurasa mbili ya kuchapa. Dada mwenye duka alikuwa akiongea na wateja kwa sauti ya juu, kama mtu aliyesimama kando ya mashine ya kusaga, maana chini ya meza yake kompyuta ilikuwa ikinguruma bila kupumzika. Foleni ilikuwa ndefu kidogo, na sisi tukipanga foleni kila mtu hugeuka fundi.

Kijana aliyekuja kuchapa maombi ya kazi akasema, "Dada, hicho ni kirusi, ipigwe Windows upya." Bwana mmoja aliyeegemeza baiskeli mlangoni akakataa: umeme wa siku hizi ni mdogo, mashine inajikamua. Mama mmoja mtu mzima akacheka akasema imezeeka tu, nayo ina haki ya kukohoa kama sisi. Dada mwenyewe alikuwa ameshachukua hatua zake. Alikuwa ameng'oa ubavu mmoja wa kasha ili "ipate hewa", halafu juu yake akatandika kitambaa cheupe cha kufuma ili "isiingie vumbi".

Nimeyakumbuka maneno ya foleni ile mara nyingi, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli kwa mkono usio wake. Tuyapange.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mazungumzo mengi na mafundi huharibikia. Lile kasha la chuma linalokaa chini ya meza wengi tunaliita CPU. Hilo ni kasha tu. CPU yenyewe, au prosesa, ni kipande bapa kinachoweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto, nacho kimepachikwa kwenye bodi kuu ndani ya kasha hilo. Hicho ndicho kinachofanya hesabu zote. Juu yake kumekandamizwa bonge la alumini lililochongwa mapezi membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa wima. Mafundi huliita hitisinki. Juu ya hitisinki kuna feni. Mara nyingi kuna feni ya pili nyuma ya kasha, na ya tatu ndani ya pawa saplai, yaani lile boksi ambako waya wa umeme huchomekwa. Ukimwambia fundi "CPU yangu ina vumbi" ataelewa, lakini ukimwambia "CPU yangu imeungua" usishangae akikutajia bei itakayokutoa jasho.

Sasa, kwa nini kitu kinachofanya hesabu kihitaji feni? Kwa sababu karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa unatoka ukiwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini tunazouziwa za mtumba zimeandikiwa wati 65. Wanaokumbuka globu za zamani za wati 60 wanajua zilivyokuwa zikichoma vidole. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutoa joto la kiasi hicho hicho, ila linatoka kwenye eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Bila kitu cha kulichukua, ingekuwa moto wa kupikia ndani ya sekunde chache.

Joto hilo lina safari. Linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pasta nyembamba, ule urojo wa kupitisha joto uliopakwa juu yake, linaingia kwenye hitisinki, linasambaa kwenye mapezi, na feni inalipuliza liende nje. Mtu aliyewahi kunywa chai kwenye kisahani anaijua kanuni yote hii. Chai ya moto ndani ya kikombe hukawia kupoa. Imwage kwenye kisahani, ipate nafasi pana, kisha uipulize, na kufumba na kufumbua inanyweka. Mapezi ni kisahani, feni ni mdomo wako.

Vumbi linapoingia halikai juu juu kama lile unalofuta mezani. Feni inalivuta na kulisukumia kwenye nafasi za mapezi, na kwanza hunasa vile vitu virefu: nywele, nyuzi za nguo, manyoya, vipande vya karatasi. Vikishanasa vinakuwa chujio. Kinachofuata ni mchanga laini unaojaza matundu ya chujio hilo, kama mfereji wa maji ya mvua unavyoziba: matawi na mifuko hutangulia, mchanga hufuata. Baada ya miezi kadhaa ukitoa feni utakuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu kimelala kati ya feni na mapezi. Feni inapuliza blanketi. Hewa haipiti.

Na hapa ndipo kelele inapozaliwa. Ndani ya prosesa kuna kipima joto, na bodi kuu hukisoma muda wote. Joto likipanda, bodi inaiamuru feni iongeze kasi. Bodi haijui habari za vumbi, inajua joto tu, kwa hiyo itaendelea kuamuru mpaka feni ifike mwisho wa nguvu zake. Kelele ya feni nayo haipandi polepole pamoja na kasi. Feni ikitoka mizunguko 1,000 kwa dakika ikaenda 2,000, kelele huongezeka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhisi kila ongezeko la desibeli 10 kama kelele imekuwa maradufu. Kasi mara mbili, kelele karibu mara tatu. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikivuma kistaarabu mwezi wa tano, mwezi wa nane inapiga mayowe, na hakuna aliyeona siku gani ilibadilika.

Joto likizidi kupanda mpaka karibu na nyuzi 100, prosesa huanza kujipunguzia kazi ili isiungue. Kompyuta inakuwa nzito, herufi zinachelewa kutokea, faili linafunguka kwa kusuasua. Ikishindikana kabisa, inajizima yenyewe. Sasa mtazame yule kijana wa kirusi kwa jicho la huruma: anaona mashine nzito inayopiga kelele na kujizima hovyo, atafikiri nini kingine? Na si kwamba kirusi hakiwezi kabisa kuleta kelele. Programu chafu iliyojificha ikiikamua prosesa mchana na usiku, joto litapanda na feni itakimbia. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Funga kila kitu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama asilimia ya CPU inayotumika. Ikiwa prosesa imekaa bure kwenye asilimia tatu au nne na feni bado inalia, hapo tafuta brashi. Ikiwa iko asilimia 90 na hujafungua chochote, subiri dakika chache, maana Windows nayo huwa na kazi zake za kusasisha mambo kimyakimya; isipotulia, hapo kijana ana hoja.

Bwana wa baiskeli tumjibu kwa ufupi: umeme ukishuka sana kompyuta huzima au hujiwasha upya, haingurumi. Mama mtu mzima yeye alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, maana uzee upo. Ile pasta kati ya prosesa na hitisinki hukauka ikawa kama chaki, na ekseli ya feni hulika. Lakini mashine nyingi ambazo watu husema zimezeeka bado zina miaka ya kazi mbele yake zikipumua.

Kwetu Tabora tatizo hili lina sababu zake. Udongo wetu ni wa kichanga, ule ule unaopendwa na tumbaku, na tangu Mei mpaka Oktoba hatuoni mvua ya maana. Barabara za mitaa zikishakauka, kila bodaboda inayopita inanyanyua wingu dogo ambalo linatafuta mlango ulio wazi. Tuko pia kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kila pumzi ya feni hubeba joto pungufu kidogo. Hili la mwinuko ni dogo, nalitaja kwa kuwa linanifurahisha. Kubwa ni joto la chumba. Feni haina uwezo wa kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Inafanya kazi ya kupunguza tofauti tu. Chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo inapanda karibu tano. Oktoba mchana, chini ya bati lisilo na dari, mashine inaanza safari ikiwa tayari imechoka.

Kisha Novemba mvua za kwanza zinaingia, na watu wanashukuru kuwa vumbi limekwisha. Lililo nje limekwisha, lakini lile lililokwisha kuingia ndani ya kasha linanyonya unyevu wa hewa. Vumbi kavu ni blanketi tu. Vumbi lenye unyevu linaanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa na kula miguu ya vifaa polepole. Ndiyo maana kama una nafasi ya kusafisha mara moja tu kwa mwaka, mimi nasema iwe Oktoba mwishoni. Kwa duka lililo kando ya barabara ya vumbi, kila miezi miwili ya kiangazi si nyingi.

Turudi kwa dada na ubavu wake wa kasha. Kuacha kasha wazi ni imani iliyoenea kuliko zote, na kinachoifanya iwe ngumu kuiondoa ni kwamba siku ya kwanza mara nyingine inaonekana imesaidia. Kasha likiwa bovu au limeziba, kulifungua kunashusha joto kidogo. Lakini kasha lilibuniwa kama nyumba yenye mlango mbele na dirisha nyuma: hewa inaingia huku, inapita juu ya vitu vya moto, inatokea kule. Ukibomoa ukuta mmoja, upepo haupiti tena kwa mstari. Feni ya nyuma inavuta hewa ya karibu yake tu, na ile diski ya kuhifadhia mafaili iliyo mbele, ambayo mafundi huiita "hadi diski", inabaki kwenye hewa iliyotuama. Tena umewafungulia mlango wageni wote, na si vumbi peke yake. Fundi yeyote wa mji huu atakusimulia habari za mende waliozaliana kwenye pawa saplai na mijusi waliokaukia juu ya bodi.

Kitambaa cha kufuma je? Hapa nitagombana na nusu ya akina mama wa Tanzania, lakini acha niseme. Kitambaa ni kizuri mno kwa kompyuta iliyozimwa na kupoa. Usiku, wikendi, siku za msiba, funika. Ila ikiwaka, kiondoe chote, hasa kile kinachoning'inia nyuma kwenye matundu. Kukiacha ni sawa na kumfunika mgonjwa wa homa blanketi mbili huku unamlaumu kwamba anatokwa jasho.

Kama unataka kitu cha kuzuia vumbi mashine ikiwa inafanya kazi, tumia soksi ndefu ya nailoni ya kike, ile nyembamba. Kata kipande, kivute kidogo, kibandike mbele ya matundu ambako hewa *inaingia*, kamwe si kule inakotokea. Jua inaingilia wapi kwa kushika ukanda mwembamba wa karatasi: ukivutwa, hapo ni mlango, ukisukumwa, hapo ni dirisha. Ila chujio lina gharama yake. Linazuia hewa kidogo hata likiwa safi, na likijaa linaziba kabisa, basi lifue kila wiki mbili za kiangazi, likauke, lirudi. Asiye na moyo wa kulifua asiliweke.

Watu wenye kompyuta za michezo huongeza feni ya kuingiza hewa mbele ili ndani kuwe na msukumo mkubwa kuliko nje. Hewa ikijaa ndani inatafuta kutoka kupitia kila ufa, kwa hiyo vumbi haliingii kwenye nyufa. Linaingia pale tu penye chujio. Kinyume chake, kasha lenye feni za kutoa tu huvuta hewa kupitia kila tundu, hata lile la kuchomekea flashi. Ukinunua feni, chukua kubwa kadiri kasha linavyoruhusu. Feni ya milimita 120 inasukuma hewa ile ile ya feni ya milimita 80 ikiwa inazunguka taratibu zaidi, na umeshaona kasi inavyofanya kwenye kelele.

Lakini hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi: iondoe sakafuni. Vumbi zito huelea chini, miguu ya wateja inalinyanyua, na fagio la asubuhi linalimalizia. Stuli ndogo, au kreti ya soda iliyopinduliwa, inatosha. Nyuma acha shubiri moja hadi ukutani. Na kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo, kama bibi zetu walivyofanya uani.

Kusafisha kwenyewe. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Ipeleke nje, kivulini, wewe ukiwa umeziba pua kwa kitambaa. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, maana hewa kavu ya kiangazi hutujaza umeme tuli bila sisi kujua. Kisha brashi laini ya rangi, mpya na kavu, ifanye kazi ya kulegeza, na blowa ndogo ya umeme ifanye kazi ya kupeperusha. Asiye na blowa, pampu ya baiskeli ikipigwa na kijana mwenye bidii inafaa, na Tabora pampu hazijawahi kutuishia. Usipulize kwa mdomo, utarusha mate. Usiende kwa fundi pancha kuomba kompresa: ina nguvu ya kung'oa vitu, na tenki lake hutema maji na mafuta pamoja na upepo.

Kosa moja hata mafundi hulifanya: wanaipiga feni kwa blowa na kuiacha izunguke ikilia kama nyuki, eti inajisafisha. Inajiua. Inazunguka kuliko ilivyoundwa na ekseli inalika. Ishike kwa kidole, halafu puliza. Pawa saplai nayo puliza kutoka nje kupitia matundu yake, usiifungue kamwe, maana ndani hubaki na umeme wa kurusha mtu hata baada ya kuchomolewa.

Ukitoa hitisinki, pasta ya zamani lazima ifutwe na kupakwa mpya, tone dogo kama punje ya mchele. Nimesikia wanaopaka dawa ya meno. Inafanya kazi kweli, kwa siku chache, mpaka maji yake yakauke, kisha inakuwa ukuta. Na feni inayokwaruza hupewa mafuta ya kula na wenye haraka. Mafuta hayo huganda yakawa gundi. Tone moja la mafuta ya cherehani, chini ya stika ya katikati ya feni, litakupa wiki kadhaa au miezi ya kutafuta feni mpya.

Neno moja kwa wenye mashine za fotokopi: ule unga mweusi wa wino ukimwagika usiupulize. Ni laini kupita vumbi lolote, utaingia kwenye kompyuta na kwenye mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya baridi.

Baada ya hapo jifunze kusikiliza, kwa sababu kelele si moja. Mvumo mnene wa upepo ni joto na vumbi. Mkwaruzo unaosikika zaidi asubuhi mashine ikiwa baridi ni ekseli ya feni. Mtetemo unaonyamaza ukiegemeza mkono kwenye kasha ni skrubu iliyolegea, au meza tupu ya mbao inayogeuka ngoma. Kata ndala iliyochakaa vipande vinne, weka chini ya pembe za kasha. Usikubali kuwekewa programu ya kuipunguza feni kasi kabla ya kusafisha. Huko ni kumziba mdomo mgonjwa.

Yule dada wa Kanyenye alikubali nimfungulie kasha Jumapili, duka likiwa limefungwa. Tuliondoa kwenye hitisinki blanketi lenye unene wa kidole, limejaa nyuzi za karatasi na nywele za kusuka, nadhani za wateja wa saluni ya jirani. Tulipowasha, kimya kilikuwa kikubwa hadi akauliza kama imewaka kweli. Tukatulia tukisikiliza. Ndipo tukasikia kitu ambacho feni ilikuwa imekifunika kwa miezi: tak, kimya, tak tak, kutoka kwenye hadi diski. Hiyo si sauti ya vumbi wala haisafishwi kwa brashi. Ni diski inayokaribia kukata roho, na ukiifungua uitazame unaimaliza, kwa sababu ndani yake chembe moja ya vumbi ni jiwe. Hatukurudisha hata ubavu wa kasha. Nilimtuma kijana wake akaazime flashi kubwa kwa jirani, tukaanza kunakili: vyeti, barua, mitihani ya shule tatu, daftari la madeni. Tulimaliza saa moja jioni. Jumatano diski haikuwaka tena, na wiki iliyofuata akanunua SSD, aina nyingine ya diski ya kuhifadhia mafaili, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake na kwa hiyo haina cha kulia.

Kitambaa cha kufuma bado kipo. Siku hizi anakitandika saa ya kufunga duka.